Njia Nane Hadi Kimara, Kisha?

Gari linalotoka Kibaha kuja katikati ya Jiji la Dar es Salaam hupita Kiluvya, Kibamba na Mbezi kwenye barabara ambayo mkazi aliyehama mji mwaka 2015 akirudi leo ataishangaa. Palipokuwa na lami ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, sasa pana njia nane. Mwenye gari dogo hakwami tena nyuma ya lori la shehena linalopanda mlima kwa kujikongoja. Kisha barabara inafika Kimara. Kuanzia hapo hadi Ubungo magari ya kawaida yamebakiwa na njia mbili kila upande, kwa kuwa njia za katikati ni za mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi. Asubuhi, njia zote zinazoingia mjini humimina magari yake hapo kama maji ya pipa yanayolazimishwa kupita kwenye mdomo wa chupa.

Upanuzi wa kipande hicho cha kilomita 19.2 ulianza mwaka 2018, na Desemba ya mwaka huo Rais John Magufuli akaweka jiwe la msingi. Kazi ilipewa kampuni ya hapa nchini, Estim Construction, na gharama ya takribani Sh140 bilioni ikabebwa na Serikali yenyewe. Barabara ya Morogoro ilistahili fedha hizo. Ndiyo lango kuu la nchi kavu la Dar es Salaam: mzigo unaoshushwa bandarini kwenda Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo, mabasi ya mikoani hupita hapo, na wakazi wa Mbezi, Kibamba na Kibaha wanaofanya kazi Kariakoo na Posta hawana njia nyingine ya maana. Sensa ya 2012 ililikuta jiji likiwa na watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, na wengi walijenga pembezoni, ambako mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kumudu kiwanja.

Hata hivyo, hatima ya mradi wa kupanua barabara huamuliwa mapema sana, mezani, kabla greda la kwanza halijawashwa. Kosa linalofanyika pale mezani halifunikiki kwa lami.

Upembuzi yakinifu huanza kwa kuhesabu. Vijana wenye fomu huketi kando ya barabara wakipiga mstari kwa kila gari linalopita, au mpira maalumu hutandikwa juu ya lami ukahesabu magurudumu. Takwimu hizo humfikia mhandisi mshauri, naye huvigeuza vyombo vyote kuwa kipimo kimoja: gari dogo. Pikipiki huwa sehemu ya gari dogo, lori huwa magari madogo mawili au zaidi, na basi hali kadhalika, mawili hadi matatu. Huongezwa asilimia ya ukuaji kwa kila mwaka, mara nyingi kwa miaka 20 mbele, na jibu linalopatikana ndilo linalosema njia ziwe nne, sita au nane.

Kwa kupima nafasi ambayo chombo kinaichukua barabarani, hesabu hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba haimwoni abiria. Daladala iliyojaza watu 60, wengine wamening'inia mlangoni, inakuwa na uzito sawa na magari madogo matatu ambayo kila moja lina dereva peke yake. Anayetembea kwa miguu hayumo kabisa. Nairobi, utafiti ulioendeshwa na shirika la maendeleo la Japani, JICA, katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya mpango mkuu wa usafiri wa mji ulionyesha kuwa karibu nusu ya safari zote za kila siku zilikuwa za miguu. Mpango unaoanza kwa kuhesabu magari pekee unakuwa umeshawaacha nusu ya wasafiri nje ya mlango.

Kuna pia jambo la pili ambalo fomu ya mhesabuji hailioni: magari ambayo bado hayajaingia barabarani. Mwaka 1962 mchumi wa Marekani Anthony Downs aliandika kuhusu msongamano wa saa za kwenda na kurudi kazini, akaeleza kwa nini barabara za mjini hujaa tena baada ya kupanuliwa. Barabara inapopata nafasi, alisema, wanakuja watu wa aina tatu. Wapo waliokuwa wakiondoka nyumbani alfajiri kukwepa foleni, sasa wanalala kidogo na kutoka saa ileile ya wenzao. Wapo waliokuwa wakizunguka kwa njia za mitaani, wanarudi barabara kuu. Na wapo waliokuwa wakipanda basi au treni, wanaona sasa gari lao linafaa. Wote hao wanafika ndani ya miezi michache. Baadaye, taratibu zaidi, wanaongezeka wa kundi la nne: walionunua viwanja mbali kwa sababu barabara imenyooka.

Miaka karibu 50 baada ya Downs, wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walipima jambo hilo kwa takwimu za miji ya Marekani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, ni mazito kwa kila mpangaji: urefu wa njia za barabara kuu ndani ya mji ukiongezeka kwa asilimia 10, kilomita zinazoendeshwa na magari nazo huongezeka kwa kiwango kinachokaribia asilimia hiyohiyo. Nafasi mpya yote inaliwa.

Mfano unaotajwa zaidi uko Houston, jimbo la Texas. Barabara ya Katy, inayotoka katikati ya mji huo kwenda magharibi, ilikuwa ikibeba zaidi ya magari 200,000 kwa siku kabla ya kupanuliwa. Kati ya 2003 na 2008 ilitanuliwa kwa gharama ya Dola za Marekani bilioni 2.8, na mahali fulani, ukihesabu pamoja na barabara za pembeni, ikafikia njia 26. Nafasi ya kupanulia ilipatikana kwa kununua eneo la reli ya zamani iliyokuwa ikipita kando yake. Reli ikang'olewa, na pamoja nayo ukaondoka urahisi wa kuweka treni ya abiria siku za baadaye. Kwa muda magari yalikimbia. Lakini kati ya 2011 na 2014 muda wa safari ya asubuhi uliongezeka kwa takribani asilimia 30, na wa jioni kwa asilimia 55. Ndani ya barabara hiyo pana kuna njia chache za katikati zinazolipiwa kwa bei inayopanda saa za msongamano, ambazo mabasi na magari yaliyobeba watu kadhaa huruhusiwa kupita bila kulipa saa hizo. Hizo zilihifadhiwa kwa makusudi ili zisijae. Zilizobaki ziliachwa wazi kwa kila mtu, na kila mtu akaja.

Msomaji anaweza kusema Houston ni mbali, ni mji wa matajiri ambao kila nyumba ina gari. Basi tuje jirani.

Barabara ya Thika, inayotoka Nairobi kwenda kaskazini-mashariki kupitia Pangani, Muthaiga, Kasarani, Githurai, Ruiru na Juja, ndiyo shule kubwa zaidi ya upanuzi wa barabara katika Afrika Mashariki. Ina urefu wa takribani kilomita 50 na ni kipande cha njia kuu inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town. Ilikuwa na njia nne na mizunguko iliyojulikana kwa kuua saa za watu. Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Exim ya China na Serikali ya Kenya zilichangia fedha, zaidi ya Sh30 bilioni za Kenya. Kampuni tatu za Kichina, China Wu Yi, Shengli na Sinohydro, zikagawana vipande vitatu kuanzia 2009. Mizunguko ikavunjwa, zikachimbwa njia za chini na kuinuliwa za juu, na tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaizindua barabara ya njia nane iliyowapa Wakenya fahari ya kweli.

Fahari hiyo ilikuwa na msingi. Safari ya kutoka Thika hadi jijini iliyokuwa ikila saa mbili ikawa ya chini ya saa moja. Wafanyabiashara wa mboga, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wafanyakazi wa viwanda vya Ruaraka wote waliionja nafuu hiyo. Mtu asiwadharau kwa kuwasomea nadharia za foleni. Saa moja inayorudishwa kwa mzazi kila jioni ni mali.

Kisha ukaja ujenzi. Duka kubwa la Thika Road Mall lilifunguliwa mwaka 2013, na Garden City likafuata mwaka 2015, yote kando ya lami hiyo. Majengo ya kupangisha yakaota Ruiru na Juja. Kaunti ya Kiambu, ambayo barabara inaipasua katikati, ilikuwa na watu 1,623,282 katika sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ilikuta watu 2,417,735. Barabara haikuwazaa watu hao, ila iliwaonyesha pa kuishi, na wengi wao wanafanya kazi Nairobi. Kila asubuhi wanakuja kwa matatu na magari yao hadi Muthaiga na Pangani, ambako njia pana inakabidhi mzigo wake kwa barabara za Ngara na za katikati ya mji ambazo hazikupanuka kwa kiwango hicho, na hazingeweza, kwa kuwa pande zote mbili kuna majengo. Yale ya Kimara, kwa maneno mengine, Nairobi ilikuwa imekwisha kuyaona miaka kadhaa mapema.

Lakini somo kuu la Thika liko kwenye rangi. Mei 2018, takribani miaka sita baada ya uzinduzi, mistari myekundu ilichorwa juu ya lami kutenga njia za mabasi ya mwendo wa haraka. Mamlaka ya kusimamia usafiri wa jiji la Nairobi na viunga vyake, NaMATA, ilikuwa imeundwa mwaka mmoja tu kabla. Mabasi hayakuwapo. Magari binafsi na matatu yakaendelea kupita juu ya ile rangi, mvua na matairi vikaifuta, na ujenzi wa vituo ulipoanza miaka iliyofuata ukaenda kwa kusuasua, kwenye nafasi ambayo wengine walishaizoea kuwa yao.

Hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Njia ya basi inayotengwa siku ya kwanza ya usanifu haimnyang'anyi mtu kitu, maana njia yenyewe haijakuwapo. Inayotengwa baada ya miaka sita inamnyang'anya dereva nafasi ambayo tayari ameijengea maisha: amenunua kiwanja akiitegemea, amempeleka mtoto shule akiitegemea. Atapinga, na wanasiasa watamsikiliza. Kila upanuzi wa barabara ya mjini unaofanyika bila njia ya mabasi iliyochorwa ndani yake tangu mwanzo unalipa gharama kubwa kwa nafuu ya muda mfupi, na unaifunga milango ya suluhisho la kudumu.

Hesabu zenyewe ni rahisi. Njia moja ya barabara kuu, ikiwa katika hali nzuri kabisa na bila makutano, hupitisha takribani magari 2,000 kwa saa. Kila gari likiwa na watu mmoja au wawili, ni watu 3,000 hivi. Basi refu la mwendokasi, lile lenye kiungo katikati, hubeba abiria wapatao 150. Likipita moja kila dakika kwenye njia yake, ni watu 9,000 kwa saa, na dakika moja si muda mfupi mno kwa mfumo ulioandaliwa vizuri. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, uliozindua mabasi yake ya TransMilenio Desemba 2000, umefikia zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa uelekeo mmoja, kwa kuwapa mabasi nafasi ya kupitana kwenye vituo.

Kwa hili Dar es Salaam ilitangulia, na isione haya kujisifu. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, uliundwa mwaka 2007, miaka kabla ya ujenzi. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilisanifiwa upya ikiwa na njia za mabasi katikati, vituo, njia za baiskeli na za waenda kwa miguu. Huduma ilianza Mei 2016. Safari ya Kimara hadi Posta iliyoweza kumaliza saa mbili ikawa ya chini ya saa moja, na mwaka 2018 jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Yaliyofuata yanafahamika kwa kila anayepanga foleni ya tiketi Kimara Mwisho. Huduma ya mpito ilianza na mabasi 140, wakati mpango wa awamu hiyo ya kwanza ulihitaji 305. Watu wakaongezeka, mabasi yakachakaa, na yale yaliyokuwa yakipita kila baada ya muda mfupi yakaanza kusubiriwa kwa muda mrefu, abiria wakisukumana na wengine kupitishwa madirishani. Awamu ya pili, ya kwenda Mbagala, ikakamilika kwa zege na vituo, kisha ikakaa muda mrefu bila mabasi ya kutosha kuihudumia. Mpango wa barabara ulifanyika kwa umakini; mpango wa nani atanunua mabasi, kwa fedha zipi na atawajibishwa vipi, ulipewa uzito mdogo. Abiria aliyekata tamaa na basi huwaza gari, hata la mkopo, au bodaboda. Hivyo uhaba wa mabasi nao huzaa foleni ya magari.

Upande wa Kibaha, njia nane zilipotandikwa, mwendokasi haikupata njia yake kama ilivyo Kimara kuja mjini. Mabasi yake yanayokwenda Mbezi hupita kule katikati ya magari mengine. Na hapohapo Mbezi Luis, tarehe 24 Februari 2021, Rais Magufuli alizindua kituo kikuu cha mabasi ya mikoani ambacho kilichukua kazi iliyokuwa ikifanyika Ubungo. Siku hiyohiyo alizindua barabara za juu za Ubungo zenye ngazi tatu, zilizopewa jina la Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi, aliyefariki wiki moja kabla.

Miradi hii miwili iliyozinduliwa siku moja inafaa kutazamwa pamoja. Ubungo ilijengewa madaraja ili magari yavuke bila kusimama. Wakati huohuo, abiria wa mikoani waliokuwa wakishukia Ubungo, karibu zaidi na mji, sasa wanashuka Mbezi na mabegi yao, na kila mmoja anahitaji chombo cha kumpeleka mjini: daladala, teksi, bajaji, bodaboda au gari la ndugu. Kuhamisha kituo kulikuwa na sababu nzuri, kuyaondoa mabasi makubwa kwenye msongamano wa Ubungo. Lakini kituo kinachokusanya maelfu ya wasafiri kilipaswa kuwa na njia ya mwendokasi inayoanzia mlangoni pake tangu siku ya ufunguzi.

Madaraja ya makutano yana sifa yake. Lile la Mfugale pale Tazara, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa Septemba 2018, liliwaokoa wasafiri wa uwanja wa ndege na mateso ya miaka mingi. Ila makutano yakifunguliwa, magari hufika mapema kwenye makutano yanayofuata. Mpango wa kweli unaifuata foleni hadi inapoishia, na mara nyingi inaishia Kariakoo, Posta na Mnazi Mmoja, mahali ambapo hakuna hifadhi ya barabara ya kutanulia hata nusu ya njia.

Hifadhi ya barabara ni neno jepesi kwa mhandisi. Kwa wakazi wa Kimara, Mbezi na Kiluvya lilikuja mwaka 2017 kama alama ya X nyekundu ukutani. Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ulisimamia kwamba hifadhi ya Barabara ya Morogoro katika eneo hilo ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na zaidi ya nyumba elfu moja zikabomolewa bila fidia kwa kuwa zilihesabiwa kuwa zimejengwa ndani yake. Wamiliki wengi walikuwa wameunganishiwa umeme na maji na taasisi za umma. Baadhi yao walienda mahakamani.

Sheria ina nafasi yake, na nchi isiyolinda hifadhi za barabara zake itashindwa kujenga chochote. Lakini familia iliyoishi mahali miaka 20, ikalipa bili kwa mashirika ya Serikali, haikustahili kuamshwa na tingatinga na kuondoka mikono mitupu. Sera za Benki ya Dunia, kwa miradi inayoigharamia, zinataka hata asiye na hati asaidiwe kwa mali aliyoijenga juu ya ardhi. Hakuna sababu ya mradi unaolipiwa na kodi za Watanzania wenyewe kuwa na huruma ndogo kuliko ule wa mkopo. Na upangaji mzuri ungeanza miaka mingi nyuma: vigingi vinavyoonekana, ramani zilizobandikwa ofisi za serikali za mitaa, na mashirika ya umeme na maji kukatazwa kuunganisha huduma ndani ya eneo lililotengwa.

Kisha kuna wale wanaobaki, pande zote mbili za lami. Barabara ya njia nane, kila njia ikiwa na upana wa mita 3.5, ni mita 28 za kuvuka, kabla ya kuhesabu ukingo wa katikati na mabega ya barabara. Mtu mzima mwenye afya hutumia zaidi ya sekunde 23 kuzimaliza. Ndani ya sekunde hizo gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa limesafiri zaidi ya nusu kilomita. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani hawezi kulipima gari lililo umbali huo. Barabara ya Thika ilifunguliwa madaraja ya waenda kwa miguu yakiwa machache na mengine hayajakamilika. Watu waliruka kingo za chuma, wakagongwa. Polisi wakawakamata wavukaji. Madaraja mengine yakajengwa baadaye, baada ya mazishi. Hadi leo waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa kwenye ajali za barabarani Kenya.

Daraja la mguu likiwekwa mbali na kituo cha daladala, au likiwa na ngazi ndefu zisizopitika kwa kiti cha magurudumu, watu watavuka chini, na kuwalaumu kwa uzembe ni kuwaonea. Watu huvuka pale safari yao inapokatwa na barabara: shule iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, soko liko ng'ambo. Kuhesabu wavukaji na sehemu wanazovukia hakuna gharama kubwa. Vijana wale wenye fomu wapo tayari pembeni ya barabara. Wanahitaji safu moja zaidi kwenye karatasi.

Wapo wanaosema jawabu ni bei, na wana hoja. Nairobi ilifungua mwaka 2022 barabara ya juu ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27.1, kutoka Mlolongo kupita karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi Westlands. Kampuni ya Kichina iliijenga kwa ubia na itakusanya tozo kwa miongo kadhaa. Anayewahi ndege analipa na kuwahi kweli. Chini yake, kwenye Barabara ya Mombasa, abiria wa matatu amebaki na foleni yake, na kwa muda mrefu wa ujenzi alibaki na vumbi pia. Stockholm ilifanya tofauti: ilianza mwaka 2006 kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, ikaongeza mabasi kabla ya kuanza kutoza, na magari yakapungua kwa karibu moja ya tano. Tozo inayoambatana na usafiri mzuri wa umma humpa kila mtu chaguo. Tozo isiyo na basi la uhakika humpa chaguo mwenye fedha peke yake.

Suala hili ni la sasa hivi. Serikali ya Tanzania imekuwa ikiandaa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze na kuendelea hadi Morogoro, kwa ubia na sekta binafsi; kipande cha kwanza, Kibaha hadi Chalinze, ni takribani kilomita 79. Itafungua mwendo wa malori na mabasi, na itakuja kuungana pale Kibaha na njia nane zinazomwagikia Kimara. Treni ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyokusudiwa kulipunguzia jiji malori, zinaweza kuubeba mzigo mkubwa ambao vinginevyo ungekuja kwenye lami hiyo. Kila kontena linalopanda behewa ni lori moja pungufu Kibamba. Hesabu za idadi ya njia zinapaswa kufanywa baada ya kujua reli itachukua nini, na mpangilio wa Kimara hadi Ubungo uandikwe ndani ya mkataba huohuo, usiachwe kwa mradi mwingine wa siku nyingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ya namna hii ifanyiwe tathmini ya athari, na wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo hutangazwa, na mara nyingi viti hubaki vitupu hadi siku tingatinga linapofika. Mkazi wa Mlandizi, Kibaha, Kiluvya au Mbezi akisikia tangazo la mkutano wa barabara, aende. Aombe kuonyeshwa ramani, aulize njia ya mabasi iko wapi na mabasi yenyewe yatanunuliwa na nani, aulize mtoto wake atavukia wapi kwenda shule, na jibu atakalopewa lisainiwe kwenye muhtasari wa mkutano kabla hajaondoka.